Mwenye Njaa Hapotei Njia

Jumatatu, 12 Januari

Nimefika kwa Mjomba. Ghorofa ya nne, juu ya duka la magodoro. Ngazi zote zinanuka sponji mpya. Nimepewa kitanda cha chini. Cha juu analala binamu yangu, binti ya Mjomba, ambaye hata usingizini anaongea. Wanamwita Redio. Jina halikumwonea.

Jambo lililonileta ni hili. Mjomba anatembeza wageni mjini. Wageni wamechoka na mnara wa saa na jumba la makumbusho. Wanataka mahali wanapokula wenyewe wenyeji, wanapokunywa, wanapokaa wakatazama mji. Jumamosi anapokea kundi. Nusu atawaongoza Redio, nusu mimi, na kila mmoja ajitafutie pa kuwapeleka. Anayefanya vizuri anapata kazi. Nikishindwa, Jumatatu ijayo narudi kwa Mama kushona vifungo katika duka lake la nguo. Mama ameshaninunulia kigoda. Amekiwekea na mto.

Mama haamini kwamba naweza kazi ya watu. Alisema mimi hata kuku akiingia jikoni namsubiri atoke kwa hiari yake. Ni kweli. Lakini kuku yule alikuwa na vifaranga, na mimi ni mtu wa huruma.

Redio ameanza kazi leo leo. Amemuuliza muuza magodoro, amemuuliza mlinzi, amemuuliza fundi viatu na mama mmoja aliyekuwa anapita zake. Akarudi akiniambia, Bi Kimya, kuuliza si ujinga. Nikamjibu kwamba anayeuliza huelekezwa kulekule wanakoelekezwa wote. Jibu kali! Bahati mbaya nilimjibu moyoni.

Nina mpango wangu, na hauhitaji kufungua mdomo. Saa ya chakula mwenyeji mwenye njaa hatazami vibao. Miguu inajua. Mimi nitakuwa nyuma yake tu, kama kivuli. Mwenye njaa hapotei njia! Msemo huo nimeutunga mwenyewe. Redio aendelee kuchosha taya.

Jumanne, 13 Januari

Ushindi! Kwa kiasi.

Mchana nilisimama kwenye kona nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Hakuna aliyegundua. Akapita bwana mmoja mnene, anatembea haraka, kijiti cha meno kimeshakaa mdomoni kabla hajala. Huyo! Nikamwandama. Kushoto, kulia, uchochoro wenye mabomba yanayotoa mvuke, kisha lango la buluu lisilo na kibao. Lisilo na kibao!

Ndani kuna meza ndefu, madirisha yenye ukungu, foleni ya watu wenye trei. Mgeni hata mmoja hakuna. Wali umechambuka, maharage yamekolea, na hakuna aliyenidai chochote. Nilidhani utaratibu wao ni kulipa wakati wa kutoka. Nikala taratibu huku nikipanga namna ya kuuliza bei bila kuuliza.

Kengele ikalia. Wote wakainuka, wakavaa aproni. Msimamizi, mama mmoja mwenye mabega ya kubeba mlango, akaniuliza kama mimi ndiye yule binti mpya. Nilitaka kusema hapana. Hapana ni neno dogo. Lilipanda mpaka kooni, likaona watu, likarudi. Nikatabasamu. Akanivika kofia ya neti.

Ni kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Nimekunja mashuka hadi jioni. Msimamizi amewaita wengine waje waone pembe zangu zilivyonyooka, akawauliza hawaoni haya. Kisha akaniambia kesho nisichelewe.

Redio aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema utafiti. Akaninusa bega, akasema utafiti huu una sabuni nyingi.

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda kazini. Ningefanyaje? Alisema kesho, na kesho ikafika.

Mchana nilitoroka kwa kujificha nyuma ya mkokoteni wa foronya. Pa kula ninapo tayari, kule kiwandani, sasa nahitaji mandhari. Kwa mandhari mwenye njaa hafai. Nikafikiri sana. Wapendanao! Wao ndio hutafuta mahali pazuri pasipo na macho ya watu.

Nikapata wawili, wameshikana mikono, wanacheka bila sababu. Nikawafuata hadi kwenye jengo refu lenye lifti mbovu. Tulipanda ngazi mpaka magoti yakaanza kuongea. Juu kabisa alikuwepo bwana mwenye funguo, akatufungulia mlango. Chumba kitupu. Na dirisha, jamani, dirisha! Mji mzima umelala chini yangu: mapaa ya mabati, antena, nguo kwenye kamba, reli inayong'aa, na mbali kabisa vilima vya buluu. Nilisahau kuwa na haya. Nilisogea mbele mpaka pua ikagusa kioo.

Kumbe bwana mwenye funguo ni dalali na ile ni nyumba ya kupanga. Akaniuliza, na wewe shemeji mdogo, jiko unalionaje? Wapenzi wale wakageuka kunitazama. Wao walidhani nimekuja na dalali. Dalali alidhani nimekuja nao. Nikaingia jikoni. Nikafungua kabati, nikalifunga, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeishi na makabati maisha yake yote. Dalali akanipa namba yake ya simu.

Mpango wa mandhari ya Jumamosi ukakamilika palepale. Wageni wangu watakuwa familia inayotafuta nyumba. Si uongo. Sisi sote ni familia ya Adamu.

Alhamisi, 15 Januari

Kazini asubuhi. Nimepewa kabati langu la kuwekea vitu. Jina nililoandikiwa mlangoni si langu, lakini ni zuri.

Bado kinywaji. Safari hii sikumfuata mtu mmoja, nilifuata umati. Uani, nyuma ya jengo la chokaa, nikakuta foleni ya kina mama na watoto, na mwanamke mwenye koti jeupe anagawa vikombe vidogo. Kila aliyekunywa alikunja uso. Watoto wengine walilia. Nikajua hapa pana kitu kikali, cha wenyewe, kisichopatikana madukani. Nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwa mtoto aliyenifika kiunoni. Nyuma yangu mwingine, anamng'ata mama yake.

Mwenye koti jeupe alinitazama juu mpaka chini, kisha akaangalia foleni ilivyo ndefu, akanipa tu. Kizito. Kina uchungu unaojificha nyuma ya utamu, na mwishoni ladha kama ya sarafu. Nikakizungusha mdomoni kama mjuzi. Akanipaka wino wa zambarau kidoleni. Nikadhani ni ishara ya uanachama.

Nyumbani Redio aliona kidole. Akanyamaza. Sijawahi kumwona Redio amenyamaza, niliogopa. Kisha akaanguka kwenye kochi akipiga mito ngumi. Dawa ya minyoo! Ya watoto! Akamwita baba yake, akamwita jirani wa mlango wa pili, akafungua dirisha amwite muuza magodoro. Mjomba alijitahidi asicheke, akasema angalau mpwa wake sasa ni msafi nje na ndani.

Kinywaji kimefutwa. Nitawapa wageni maji. Maji nayo hayathaminiwi inavyostahili.

Ijumaa, 16 Januari

Redio yuko tayari. Ana muuza juisi nyuma ya kituo cha treni ambaye amemfungulia mapema kwa ajili ya wageni wake. Ana mzee anayetengeneza saa za ukutani na kuzipigisha zote kwa pamoja. Ana bustani juu ya paa la benki. Yeye na mlinzi wa pale wameshakuwa kama ndugu. Yote ameyapata kwa mdomo. Inakera.

Usiku alinyoosha kichwa kutoka kitanda cha juu akasema kama sina pa kwenda nichukue yule mzee wa saa, yeye ana vya kutosha. Alisema bila kucheka. Nikamjibu kwamba nashukuru, ninavyo vyangu. Na hilo nililisema kwa sauti! Akaniambia basi lala, Bi Kimya, kesho utahitaji miguu.

Sikulala upesi. Nilikuwa nakiona kile kigoda na mto wake.

Jumamosi, 17 Januari

Niandike kama ilivyotokea, bila kujipendelea.

Mjomba alinikabidhi watu watatu wazima: mwalimu mstaafu, mke wake, na bwana mmoja mpole mwenye kofia pana. Niliwaongoza kwa kutangulia na kunyoosha kidole. Mke wa mwalimu alimnong'oneza mumewe kwamba wamepata kiongozi mwenye mambo mazito. Nilijisikia vizuri.

Langoni kiwandani nilitegemea tupite kimyakimya na foleni ya chakula. Msimamizi alikuwa mlangoni. Akatuona. Akainua mikono mbinguni. Jumamosi mashuka ni mlima, watu hawatoshi, na mimi, binti wa maana, nimemletea wenzangu watatu! Nilifungua mdomo kueleza. Ukaingia mvuke. Wageni wangu walivishwa aproni.

Walikula vizuri, hilo sitanyimwa. Lakini baada ya kula walikunja. Mwalimu alikuwa anamsahihisha mke wake. Bwana mwenye kofia pana alisimamishwa kwenye mashine kubwa ya kupiga pasi na, ajabu, mashuka yakatoka kama karatasi. Msimamizi akampiga bega mpaka kofia ikadondoka. Bwana yule akasema tangu azaliwe hajawahi kusifiwa kwa kitu alichofanya kwa mikono. Wakati wa kuondoka ulipofika, hakutaka. Alisema sisi tutangulie, yeye amalize hoteli moja.

Nikabaki na wawili. Tukapanda kwa dalali. Alipotuona alifurahi, akasema leo shemeji kaleta wazazi. Nilikuwa nimepanga watazame dirisha kidogo, tushukuru, tushuke. Mke wa mwalimu alikwenda moja kwa moja dirishani. Mwalimu akafungua mabomba yote, moja moja. Kisha mke akasema, baba watoto, hapa. Mwalimu akasema hata mimi. Wakaanza kubishana na dalali kuhusu rangi ya ukuta, wakaniomba nikamwambie Mjomba awaletee mabegi yao.

Niliondoka na watu watatu. Nikarudi peke yangu.

Wakati huohuo wageni wa Redio walikuwa wanapanda ngazi wakiimba. Mjomba akaniuliza watu wako wako wapi. Nikamwambia. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye ngazi. Akasema amefanya kazi hii miaka, amewahi kupotelewa na mwavuli, amewahi kupotelewa na begi, hajawahi kupotelewa na kundi zima. Redio alinitetea, akasema, Baba, hawakupotea, wamehamia. Haikusaidia.

Baadaye simu ikalia. Alikuwa mwalimu. Mjomba alisikiliza muda mrefu akiwa ameinamisha kichwa. Alipokata alisema wamemshukuru sana, na kwamba binti yule ana jicho. Akanitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Akasema Redio kazi ameshapata, lakini anaweza kuwachukua wawili, ila kiongozi asiyeweza kusema hapana wala kuuliza swali, siku moja atawauza wageni wake. Akanipa sharti. Kesho nitoke nje, nimuulize mtu nisiyemjua, kwa mdomo wangu, kahawa nzuri inapatikana wapi. Saa kumi niwapeleke yeye na Redio wakanywe. Mtu mmoja, swali moja. Nikishindwa, nipande basi Jumatatu.

Swali moja! Redio amenifanyisha mazoezi mbele ya kioo. Kwenye kioo ninaongea vizuri sana.

Jumapili, 18 Januari

Naandika haya nikiwa nimekaa. Nitaeleza nimekaa wapi.

Baada ya chakula nilisimama mbele ya duka la magodoro na swali langu mdomoni. Wa kwanza alikuwa na haraka. Wa pili alikuwa na sura ya mtu anayekunywa chai. Wa tatu alinitazama, nikasoma bei za magodoro. Nazijua zote sasa.

Ndipo akaja mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, mgeni kabisa mjini, ametoka jasho. Akanijia moja kwa moja. Akasema, mwanangu, wewe unaonekana mwenyeji, hapa mtu anapata wapi kahawa nzuri?

Swali langu! Alilichukua lote! Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye ninayeuliza. Lakini alikuwa ananitazama kwa matumaini kiasi kwamba niliitikia kwa kichwa na kuanza kutembea. Akanifuata. Nilikata kushoto, akakata kushoto. Nikaongeza mwendo, akaongeza, akinisimulia habari za mkwe wake. Sikuwa na pa kumpeleka. Kisha, kwa rehema za Mungu, mbele yetu akatokea kijana aliyebeba birika kubwa, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Basi mimi nikalifuata birika, mama akanifuata mimi.

Tupo katika ukumbi wenye benchi. Birika lilikuwa la maji ya moto ya kulainisha koo. Hii ni kwaya, inafanya mazoezi. Mtu wa mbele ametupa majoho na kutupanga sauti ya tatu. Nimevaa. Yule mama naye amevaa. Saa ya ukutani inaonyesha saa kumi imepita kidogo, na Mjomba na Redio bila shaka wanasubiri mlangoni, ila sina wasiwasi hata chembe. Sharti lilikuwa kuzungumza na mtu nisiyemjua. Amesema yeye, nimeitikia mimi kwa kichwa, tena zaidi ya mara moja. Kama hayo si mazungumzo, sijui ni nini. Mjomba ni mtu wa haki, atalipima.

Yule mama ananinong'oneza sasa hivi kahawa inaletwa saa ngapi. Nimemwonyesha kwa mkono kwamba avumilie. Nimemwangalia vizuri anavyovumilia: hatulii, anameza mate, macho yapo mlangoni. Huyu ana njaa ya kweli.

Akitoka tu, namfuata.