Mzinga Niliousugua kwa Sabuni

Jumatatu, 3 Machi
Baba mkwe magoti yamemgomea. Hawezi tena kupanda ngazi kuifikia mizinga yake. Leo katuita sisi wakwe wawili: mimi, na mwanyumba wangu seremala, aliyemwoa dada wa mke wangu. Kila mmoja kapewa mzinga mkuukuu, mtupu. Jumamosi atapita, atakayekuwa amepata nyuki ndiye atakabidhiwa mizinga yote. Nashukuru Mungu kwa magoti ya mzee! (Astaghfiru. Nashukuru kwa nafasi.) Asali si hoja. Tangu nioe, mzee ananiita "kinyozi". Seremala anamwita "mwanangu". Inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimeufungua mzinga. Loo! Nta nyeusi, gundi, harufu ya miaka. Nani ahamie humo? Kwangu mteja hakai kitini kabla sijakifuta kiti. Nikakwangua kila kitu. Nikasugua kwa sabuni na maji moto, nikamalizia na spiriti ninayopaka mashavu ya wateja. Mke wangu akauliza kama nimemtaka baba yake ushauri. Nikamjibu usafi hauombewi ruhusa. Akasema nta haitupwi, akayazoa makwangio yote akayatia kwenye sanduku bovu la mbao nyuma ya jiko, kivulini, pale penye bomba linalovuja na mirehani yake iliyochanua. Mwanamke huyu hatupi kitu! Hata mimi hajanitupa. Namshukuru.

Jumatano, 5 Machi
Mzinga nimeupaka rangi ya mafuta, ya bluu. Nimeupandisha juu ya bati la chumba changu cha kunyolea, mbele ya nyumba, kila mpita njia auone. Jua kali, ndiyo, lakini mandhari je? Nikapuliza na manukato ndani. Adhuhuri akaja nyuki mmoja. Akaingia. Akatoka mbio kama mtu aliyekumbuka kaacha sufuria motoni. Nashukuru kwa kuja kukagua. Bila shaka kaenda kuwaita wenzake.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuwaita. Nikaenda kuchungulia karakana ya mwanyumba, nikijidai naulizia stuli. Mzinga wake kaupaka vanishi! Unang'aa, na mtupu kama wangu. Nilifurahi hadi stuli nikaisahau. Akaniuliza kwangu kukoje. Nikasema nyuki wamejaa tele, hata pa kukaa hawana. Akameza mate. Namshukuru sana kwa kuniamini.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu mpya: sahani ya maji ya sukari juu ya bati. Wamekuja! Wakanywa, wakashiba, kisha wote wakarukia nyuma ya nyumba, upande wa jiko. Utovu wa adabu, kula kwa mtu na kwenda kulala kwingine. Masalia wakayapata sisimizi, wakahamia mzingani. Mijusi wakawafuata sisimizi. Mjusi mmoja akamdondokea begani mwalimu mkuu, akatoka mbio, kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Jioni akarudi nimalizie, bila kinyongo. Dunia bado ina watu wema.

Jumamosi, 8 Machi
Njia ya mwongo ni fupi. Mzee kafika, na mwanyumba nyuma yake, ana hamu ya kuwaona hao nyuki tele. Nikapanda. Nikafunua mzinga. Mijusi. Mwanyumba alicheka hadi akakaa chini, na wake hauna hata mjusi. Nilibaki juu ya bati, machozi yananilenga. Basi, nikawaza, mimi ni kinyozi hadi kufa.

Mara mzee akainua kidole tunyamaze. Akasikiliza. Akachechemea hadi nyuma ya jiko. Lile sanduku bovu linavuma! Kundi zima limehamia humo. Mzee akasema nyuki hatafuti jumba. Anatafuta maji, maua, kivuli, na harufu ya nta ya waliomtangulia. Akauliza nani kaiweka nta pale. Mke wangu akasema: "Ni kazi yetu wawili: mume wangu alikwangua, mimi nikahifadhi." Moyo wangu! Mizinga kakabidhiwa mke wangu, tena kwa haki. Kisha mzee akanigeukia, akasema: "Na wewe, mwanangu, utampandia ngazi."

Mwanangu! Nimemkumbatia mzee, mke, hata mwanyumba.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka na shukrani hadi kooni. Mke wangu kaenda kwa dada yake, nami nimeona nilipe fadhila kabla hajarudi. Lile bomba lilikuwa linawalowesha wageni wetu: nimeliziba. Mirehani ilikuwa inawasonga: nimeifyeka yote. Kivuli kilikuwa kinawanyima mwanga: sanduku nimelisogeza juani. Wanazunguka kwa kelele, nadhani ni furaha.

Bado mizinga ya mzee. Nimepita kuitazama. Michafu, yote, nta hadi mlangoni! Sabuni ninayo. Spiriti ninayo. Kesho alfajiri napanda ngazi, mzee atakapoamka aikute inang'aa. Ameniita mwanangu. Hatajuta.