Waraka wa Kuchoma

Ofisi ya Kumbukumbu Zisizopotea, tawi la Bunda, ilitangaza kwa tarumbeta na maji ya chupa kwamba kuanzia Jumatatu taarifa zote za viwanja zitachomwa.

Wananchi wa Kabasa waliguna. Bwana Wenceslaus, Mratibu Mkuu, mtu mwenye subira kubwa mbele ya kamera, akafafanua kuwa kuchoma ni kunakili vilivyomo kwenye kompyuta na kuviweka kwenye CD. Ili kuondoa utata alitoa waraka wenye mihuri minne: ndani ya ofisi hiyo neno “choma” halitakuwa na maana nyingine, na kila kinachochomwa kitoke nakala tatu, moja ibaki ofisini, moja iende Butiama, moja wapewe wakaguzi wa Musoma. Hata mama wa kantini aliamriwa mahindi yake ayaite ya kubanika. Alitii. Mwenye nguvu mpishe.

Alhamisi moja Wenceslaus alikuwa Nyegina kwenye sherehe ya kipaimara alipopigiwa simu: wakaguzi wanafika kesho. Kwenye kompyuta kulikuwa na faili la Manyamanyama, viwanja kumi na kimoja vya wakulima wa pamba vilivyohamia, kwa maandishi tu, kwa shemeji yake. Likionekana, kiti hana.

Akampigia Jeska, karani wa kumbukumbu.

“Jeska, ile faili ya shemeji ichome yote. Isibaki hata herufi!”

“Yote bosi? Si ulisemaga ile tusiiguse?”

“Nimesema choma! Unataka nikuandikie?”

“Hapana bosi, waraka si upo.”

Moyo ukamtulia, akajiongezea samaki wa sato kwenye sahani.

Asubuhi aliwakuta wakaguzi ofisini kwake, wamekaa kwa raha. Mezani kulikuwa na CD iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: MANYAMANYAMA, YA SHEMEJI, YOTE.

“Tumezunguka sana,” alisema Dorah, mkaguzi kiongozi, “lakini ofisi inayojikagua yenyewe hatujawahi kuiona. Hongera.”

Wenceslaus alimgeukia Jeska, hasira zimempanda hadi utosini. “Nilimaanisha kuchoma! Moto! Petroli na kiberiti!”

“Maana hiyo ulishaifuta, bosi,” Jeska alijibu kwa adabu.

Dorah akafungua ukurasa mpya.

“Rudia hapo kwenye petroli, Mratibu, ila pole pole. Naandika.”