Kibarua wa Ziada

Jumatatu, 3 Machi
Msimamizi kasema ifikapo Ijumaa mchanganya saruji mmoja ataondoka. Tuko wawili: mimi na Kipara. Kwa umri huu nani ataniajiri tena? Kipara akanipiga kofi mgongoni, akasema babu, nenda kaote jua. Aote yeye, mwenye kioo kichwani!

Jioni nikamkuta binti yangu, mtafiti wa maabara, anakula huku kazamia picha za bakteria. Nikamuuliza vidudu hivyo vinavaa nini. Akacheka. Vina ukuta, baba, kama wenu. Ukuta! Nani anaujenga? Jeni, kwa ushirikiano. Kila jeni ina kibarua wake: huyu anafyatua matofali, yule anayavusha utando wa seli, mwingine anayaunganisha. Ila waunganishaji wapo wawili. Ukiiondoa jeni ya mmoja, bakteria anaishi tu. Nikaacha kutafuna. Kumbe mmoja ni wa ziada! Akasema ngoja, sijamaliza. Nilikuwa nimeshanyanyuka. Mtu ana mipango!

Jumanne, 4 Machi
Jaribio! Nikamwambia Kipara mama mkwe wake kashuka kituoni na mizigo, anamuulizia. Akatoka mbio. Nikachanganya kwa wawili. Ukuta ukapanda vizuri tu. Nikamuuliza msimamizi kama sasa anaona nani wa ziada. Akaguna. Mguno mtamu sana.

Jumatano, 5 Machi
Mgongo umegoma. Nimelala chali kama mende. Halafu nikashtuka: Kipara akichapa kazi peke yake leo, wa ziada ni mimi! Nikampigia simu, nikasema saruji imekwisha, hakuna kazi. Akashukuru! Mkewe, kusikia mama anakuja, kamshurutisha kupaka chumba rangi.

Alhamisi, 6 Machi
Ukuta haupo! Yaani upo, ila umelala. Jana, sisi wote wawili hatupo, msimamizi alimpa mlinzi wa getini koleo achanganye. Mchanga mwingi, saruji ya kunusa. Kifusi kilichojazwa nyuma yake kikausukuma, ukatoa kitambi, ukapasuka.

Nikamsimulia binti yangu. Akasema ndiyo sehemu uliyoikimbia, baba. Zikikosekana jeni zote mbili, maji ya ndani yanasukuma, bakteria anavimba, pu! Nikataka kujua kama analia akipasuka. Akasema hapana, kimya kimya. Ana adabu kuliko ukuta wetu, uliosikika hadi sokoni.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi katuita. Kipara, aliyekwishajua uongo wangu, ananitazama kama kitoweo. Uamuzi: haondoki mtu! Kumbe bila sisi hana ukuta. Tutaujenga upya wote wawili, na simu zetu anakaa nazo yeye. Kipara akasema babu, bila mimi unavimba. Nikamwambia na wewe bila mimi unapasuka. Tukacheka hadi koleo likamdondoka.

Lakini nimemchunguza msimamizi siku nzima. Hajagusa mchanga. Hajagusa maji. Timazi tu mkononi, ule uzi wa kupimia kama ukuta umenyooka, huku na huku, jicho moja kafumba. Huyu ndiye wa ziada! Kesho nitamwambia tajiri mwenye jengo anamtaka upesi, upande wa pili wa mji. Nusu siku tu. Kwa faida ya sayansi.