Uwele Ndani ya Nailoni

Jumatatu, 3 Machi
Vifungio vyetu vya mabegi vinakatika hovyo. Mteja kachachamaa. Meneja ametangaza kwamba atakayeleta kifungio kisichokatika kufikia Alhamisi ndiye mkuu mpya wa chumba cha kuchanganyia. Miaka tisa nakisubiri kiti hicho! Mpinzani ni mmoja tu, mkemia wetu, tunamwita Profesa. Anatia udongo laini kwenye nailoni, asilimia nne. Nne! Mkono wa birika.

Jumanne, 4 Machi
Nilitega sikio mlangoni kwake. Alikuwa akimwambia meneja kwamba udongo peke yake hautoshi, siri yote imo kwenye uwele. Uwele! Nikatimua mbio sokoni, nikarudi na kilo mbili, nikasaga, nikamimina mashineni. Moshi. Kiwanda kizima kilinuka uji ulioungua. Meneja aliniuliza kama nimefungua mgahawa.

Jumatano, 5 Machi
Kumbe ni fuwele! Profesa alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanieleza bila kinyongo. Nailoni ikipoa hujipanga ndani kwa ndani, na mpangilio huo ndio fuwele. Ikipoa polepole, fuwele huwa za kukaza, kitu kikawa kigumu. Ikipoa ghafla huwa za kupinda, kitu kikapindika bila kukatika, na udongo nao huzidi kuzisukuma huko. Niliitikia kwa kichwa kama msomi. Macho yangu yalikuwa kwenye ndoo ya mchanganyiko wake. Aliponipa kisogo, nikachota kikombe kimoja. Si wizi, ni ushirikiano.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya hukumu. Kalibu nililomiminia kikombe kile kupata kifungio lilikuwa bado la moto niliposikia viatu vya meneja. Nikutwe na mchanganyiko wa watu? Tumbukiza! Kalibu zima ndani ya ndoo ya barafu ya kupozea soda. Meneja akaona mvuke, akataka kilichomo. Akakipinda mara hamsini. Hakikukatika! Profesa chake alikipoza taratibu, akiamini begi zito linataka ugumu. Kikakatika mara ya kumi na mbili. Kiti changu! Nilirukaruka, nikamkumbatia hata mlinzi. Sijawahi kufurahi hivi tangu nioe. Profesa mwenyewe alinipa mkono, akasema hiyo ni bahati ya mtende.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu! Kibao kishapigiliwa mlangoni. Oda ya kwanza ni gia, ngumu, zisizopinda hata chembe. Profesa ameniomba, kwa heshima zote, nizipoze polepole. Nikamwambia mkuu hafundishwi kazi. Nimeagiza barafu, lori zima.