Mkurugenzi wa Kampuni ya Ngazini

Iwafikie wapangaji wa ghorofa zote nne: Kampuni ya Mawasiliano ya Anga imezaliwa! Mkurugenzi wake alikuwa na ndala miguuni, na mali yote ya kampuni ilikuwa paswedi ya waifai aliyopewa na mama mwenye nyumba siku alipompandishia mtungi wa gesi.

"Ni siri ya biashara," alimnong'oneza kila mpangaji, huku akipokea malipo ya mwezi. "Mama asijue, atatutoza kodi ya hewa."

Kasoro ilikuwa moja tu. Mtandao ulishika vizuri ngazini, mbele ya mlango wa mama, basi. Mkurugenzi akapaita Kituo cha Huduma. Kila jioni wapangaji walijazana pale na simu zao, na mama akifungua mlango, anapokea shikamoo za pande zote. Moyo wake ukajaa. Kumbe wanampenda hivi!

Jumamosi ikafika, na hiyo haikuwa ya mchezo. Shangazi wa mchumba wake alitaka kumwona Mkurugenzi kwa video, akiwa ofisini, ndipo aikubali posa. Mkurugenzi akavaa koti, akakaa ngazini.

"Shikamoo, shangazi! Hapa ndipo makao makuu."

"Marahaba, mwanangu. Na hiyo ndoo?"

"Ya kupoozea mitambo."

Ndani, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alikuwa akimpimia mama mapazia. "Mama, hebu mwambie Mkurugenzi mtandao wake leo mzito. Na mimi nimelipia!"

"Mtandao wake?"

Mama akachomoa waya wa waifai. Shangazi akaganda kwenye simu, mdomo wazi.

Mkurugenzi akaugonga mlango, jasho likimchuruzika. "Mama, chomeka kidogo tu! Ni ndoa yangu hii!"

"Si una kampuni wewe?"

"Mama, nakupigia magoti."

Mama akachomeka, kisha akatoka, akaketi ubavuni pake. Shangazi akarudi.

"Huyo mama ni nani?"

Wapangaji wakasogea. Mkurugenzi akatafuta uongo kila anakouweka. Haukubaki hata wa dawa.

"Shangazi, huyu ndiye mwenye mtandao. Mimi ni mpangaji wake. Kampuni ndiyo hizi ngazi."

"Nilijua," alisema fundi, akichungulia mlangoni.

"Ulijua nini na wewe umelipa?" akauliza mama.

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, niambie ukweli. Huyu anafaa kuoa?"

"Mchukueni hata leo," alijibu mama. "Ila paswedi yenu msimpe."