Pilau Iliyoficha Makosa ya Programu

Jamani, leo nimeumbuka, na kisa ni pilau ya mama yangu mzazi.

Mnajua najitolea kwenye ile programu huria ya simu, ya wakulima wa mwani kuandikia mavuno yao. Ni ya bure, na yeyote anayejua kuirekebisha ruksa. Ilikuwa itoke kesho. Kazi yangu moja tu: nikusanye wakulima waijaribu, waseme ina ubovu gani. Nikajitapa kwa Farida, kiongozi wetu aliyeko Dar, kwamba kisiwa chetu cha Mafia aniachie mimi. (Mdomo huu utaniponza.)

Asubuhi wakaja kina mama kutoka Chole na Jibondo, wakakaa mkekani na simu zao. Mama akasema kwake mgeni hafanyishwi kazi akiwa na njaa. Basi tukaanza na pilau ya kuku, kachumbari na ndizi mbivu. Nikajiona mratibu haswa.

Walipokwisha kunawa wakaanza kujaribu. Nikawa napita nauliza.

"Bi Hadia, kuna shida yoyote?"

"Mashallah, Salma mwanangu. Nzuri sana."

"Na wewe, Bi Mwajuma?"

"Haina neno. Mungu akuzidishie."

Wote hivyo hivyo. Wenzangu wa kwingine wanaleta makosa kila siku, mimi sina hata moja! Nikavimba. Nikampigia Farida kwa video, timu nzima ikiwa hewani, nikatangaza: Mafia safi, itoeni.

"Hebu tuone mtu akiitumia," akasema Farida.

Nikachukua simu ya Bi Hadia, nikaiunganisha na mkutano ili kila mtu aone kioo chake. (Kwa mikono yangu mwenyewe.) Hapo hapo ujumbe ukajitokeza juu ya kioo, kutoka kundi linaloitwa "Wageni wa Salma". Mimi simo.

"Jamani, nikibonyeza Hifadhi, nilichoandika chote kinafutika."

Ukafuata mwingine: "Hata changu. Msimwambie mtoto wa watu, tumeshakula kwao."

Na mwingine: "Mimi simu ilizima kabisa, ndiyo kwanza nimeiwasha upya. Lakini pilau imekolea."

Farida akausoma wote kwa sauti, taratibu. Nilitamani mkeka unimeze. Nikamgeukia Bi Hadia, naye anatazama kucha zake.

"Mwanangu," akasema, "mtu akukaribishe kwake, ule, unawe, halafu umwambie kitu chake kibovu? Tulikuwa tunakusitiri."

Wangenisitiri hadi kesho, wakulima wangepoteza kumbukumbu za mavuno yao, na jina lingekuwa langu. Nikacheka huku machozi yananilengalenga. Mama naye kutoka jikoni: "Nani aongezwe?"

Programu imeahirishwa. Farida ameomba ujumbe wote wa kundi lile, anasema hajawahi kupata ripoti ya majaribio nzuri kama hiyo. Tunarudia Jumamosi. Nimemwomba Mama safari hii asipike, akanitazama kama nimetukana ukoo.

Kwa hiyo mnaotaka kujitolea, karibuni sana nyumbani, ila tafadhalini mje mmeshakula kwenu.