Moyo Wangu na Treni ya Munisagara

Jumatatu, 1 Machi 1993
Letisia, mke wangu, alijifungua binti mwezi uliopita kwa wazazi wake, Munisagara. Sijamwona mtoto. Barabara imekatwa na mvua. Imebaki treni, na mimi tangu nibanwe pumzi behewani mwaka juzi sipandi. Mama mkwe ameleta ujumbe: Jumamosi mtoto anapewa jina, baba awepo asiwepo.
Nimekwenda kwa muuguzi Gaudiosa, hapa Kilosa. Karudi na ujuzi mpya kutoka kozini Dodoma. Hakunipa sindano wala kidonge. Kanipa daftari! Niandike wazo linalonitisha, kisha ushahidi wake. Nikaandika: nikipanda treni, moyo utasimama. Akauliza umeshasimama mara ngapi. Nikahesabu. Hata mara moja. Miaka miwili sikuwahi kujiuliza.

Jumatano, 3 Machi
Zoezi: kukaa kwenye behewa lililosimama stesheni, kuandika mapigo ya moyo, nisitoke mpaka yatulie. Gaudiosa anasema kila nikikimbia, hofu inanenepa. Maneno mazito sana.
Nimemtuma Kondo kinyozi na daftari, akakae badala yangu. Amevaa koti langu, Gaudiosa akipita asishtuke.

Alhamisi, 4 Machi
Balaa. Kondo karudi leo tu: alisinzia, treni ikaondoka naye mpaka Munisagara. Wakwe kuona koti langu wakamkaribisha, wakamchinjia jogoo. Amempakata binti yangu! Ati ana masikio yangu. Nimeumia sana.
Gaudiosa, aliyekwisha kusikia habari, kasoma mapigo ya daftarini, akasema Kondo mzima kabisa, sasa ni zamu yangu.

Jumamosi, 6 Machi
Nimepanda. Jasho. Mapigo mia na thelathini. Nikashika mlango, nikakumbuka, nikarudi kukaa. Mia na kumi. Themanini na nne. Sikufanya chochote, moyo umeshuka wenyewe! Nikatazama nje. Milima yote ile, kijani, ilikuwepo siku zote.
Nilimwamkia mama mkwe shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza Kondo hajambo. Mtoto anaitwa Hildegarda. Nilimpakata, nikamkagua masikio.

Jumapili, 7 Machi
Letisia anataka turudi nyumbani kesho. Haiwezekani. Daftari nimelisahau behewani. Gaudiosa alisisitiza kwamba dawa si daftari, ni mimi kukaa na hofu mpaka ipungue. Mama wa watu, hapendi kujisifu. Bila daftari moyo utasimama. Ushahidi: jana nilikuwa nalo, haukusimama.
Nimemtumia Kondo barua. Aombe jingine, lenye jalada lile lile, apande treni alilete. Na aje na koti.